Starlet nyekundu iliyogeuka waridi: kisa kimoja cha kurudisha rangi ya gari nyumbani

Simu ya mama mdogo ilinikuta kazini, mwezi Agosti. "Mwanangu, njoo uliangalie gari la baba yako. Fundi anasema lipigwe rangi lote, anataka milioni moja na laki nne. Nataka ulione wewe kwanza."

Gari lenyewe ni Toyota Starlet ya mwaka 1994, umbo la EP82, nyekundu. Baba mdogo alilinunua likiwa limeshatumika Japani, akalitunza mpaka alipofariki. Miaka mitatu iliyofuata lililala uani kwao Kigamboni, chini ya mwembe, likitoka Jumapili kwenda kanisani na siku za sokoni. Injini haikuwa na neno. Ila nililikuta limekuwa la waridi. Paa lilififia kuliko milango, boneti ina mabaka kama ngozi yenye mba, na ukipitisha kidole juu ya paa kinatoka na unga mwepesi wa rangi ya pinki. Nilimwomba mama mdogo asimpe fundi jibu lolote kwa wiki mbili.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu ushauri mwingi wa kung'arisha gari huanzia kwenye chupa: tumia dawa hii, usitumie ile. Mimi naona swali la chupa ni la mwisho. La kwanza ni kujua umesimama juu ya tabaka gani la rangi, limebaki kiasi gani, na nini kililiumiza. Starlet hii ilinilazimisha kujibu hayo matatu kabla sijagusa kitu.

Rangi ya gari inayotoka kiwandani ni nyembamba mno. Magari mengi yana maikroni 100 hadi 150 tu (maikroni elfu moja ni milimita moja), kuanzia kwenye bati mpaka juu, na ndani ya hizo kuna praima, yaani rangi ya msingi inayoshika bati, kuna rangi yenyewe, na kwa magari mengi ya sasa kuna klia juu yake, tabaka angavu lisilo na rangi, yenye maikroni 40 au 50 hivi. Unywele wa kichwani una unene mkubwa kuliko hiyo klia. Kila ukisugua kwa kompaundi, dawa ya kung'arishia yenye chembe za kukwangua, unapunguza humo humo, na kilichoondoka hakirudi. Lakini magari mengi ya rangi isiyo na chembechembe za kumetameta, hasa mekundu na meupe ya miaka ya tisini, hayakuwekwa klia. Rangi ndiyo ngozi ya mwisho. Hizo zina tabia zake, na huponyeka vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Siku ya kwanza sikung'arisha chochote. Nililiosha tu, kwa sababu rangi chafu humdanganya hata fundi mzoefu. Saa 12:30 asubuhi, jua halijapanda, nikalimwagia maji mengi ili mchanga uondoke wenyewe kabla kitambaa hakijagusa. Ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Mara hii moja nilitumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa makusudi, kwa kuwa inaondoa mafuta na sehemu kubwa ya nta, na nilitaka kuiona rangi ikiwa uchi. Kwa kuosha kila wiki siitumii.

Maji ya kusuuza yalipoanza kuteremka, niliona yana utando wa mafuta unaong'aa rangi rangi kama kwenye dimbwi la gereji. Nikamuuliza mama mdogo. Akasema vijana wa pale anakooshea huwa wanamalizia kwa kupangusa gari na kitambaa chenye dizeli, linang'aa sana, na yeye hufurahi. Hapo nikapata jibu la kwanza. Dizeli hujaza vishimo vya rangi iliyochoka, ikaonekana imepona siku moja au mbili, kisha vumbi hunata juu yake, na kitambaa cha wiki inayofuata husugua vumbi hilo hilo kwenye rangi. Mipira ya milango nayo ilikuwa imeanza kulainika na kuvimba.

Lilipokauka nilianza vipimo. Nilimwagia paa kikombe cha maji: wekundu ulirudi palepale, mzito, kama gari jipya. Maji yalipokauka, waridi ukarudi. Hii ni dalili njema. Ina maana rangi ya chini ni nzima, ila juu yake kuna tabaka lililokufa. Miali ya jua imevunja gundi inayoshika chembe za rangi, chembe zimebaki unga, na unga huo unatawanya mwanga kama chaki. Maji yakijaza mianya, mwanga hautawanyiki tena, jicho linaona wekundu.

Boneti nayo ilipolowa ilipendeza, karibu inihadae. Nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa baka moja, ukakwama. Palikuwa na ngazi ndogo, wazi kabisa chini ya ukucha, na kando yake kipande chembamba kinachoonesha nuru kikainuka kama ganda la kitunguu. Hiyo ni klia inayobanduka. Rangi iliyokufa juu huwa haina ukingo, imefifia taratibu kutoka hapa hadi pale. Klia inayobanduka ina pwani na visiwa. Hakuna kompaundi duniani itakayoirudishia kile kilichokwisha kuondoka, na ukiisugua unapanua visiwa tu.

Kipimo cha tatu kilikuwa fulana nyeupe ya zamani na tone la polishi laini. Juu ya paa, baada ya kusugua mara tano, fulana ikawa nyekundu. Mlango wa kushoto, nyekundu. Buti, nyekundu. Kwenye boneti, pale penye kung'aa, ikabaki nyeupe. Kwa hiyo gari zima halina klia, isipokuwa boneti. Haiwezekani kiwanda kifanye hivyo. Nikachukua sumaku ndogo ya friji, nikaivika kitambaa isikwaruze, nikaitembeza bodi nzima. Ilishika vizuri kila mahali, ila kwenye madigadi ya kulia ilikuwa inateleza na kuanguka. Chini yake kuna puti, ile lipu ya kuziba mabonde ya bati, ambayo haishiki sumaku. "Liligongwa pale kivukoni," mama mdogo akasema kutoka kibarazani, kama aliyekumbuka ghafla. "Zamani sana. Walinyoosha hapo na boneti." Chini ya mdomo wa boneti, pasipoonekana, pamba yenye thina ilitoka na rangi bila kusugua kwa nguvu. Rangi iliyochanganywa na hadna, dawa ya kuigandisha iwe ngumu, haikubali thina kirahisi hivyo. Kumbe boneti na madigadi zilipigwa rangi ya kawaida inayokauka kwa hewa, kisha boneti ikavikwa klia dhaifu.

Kwa hiyo yale yaliyoonekana kama gari moja lililochakaa yalikuwa mambo mawili tofauti. Paa, milango, buti na madigadi ya kushoto vilikuwa na rangi ya kiwandani, iliyookwa kwa nyuzi joto 140 hivi kabla gari halijawekwa taa, viti wala mipira. Hakuna gereji ya mtaani inayoweza kuoka hivyo gari lililokamilika; plastiki nyingi zingelainika na kupinda. Rangi hiyo ilikuwa bora kuliko chochote ambacho milioni moja na laki nne ingenunua, na fundi alikuwa anapendekeza ipigwe msasa itoke. Boneti na madigadi ya kulia ndizo peke yake zilizostahili rangi mpya.

Nilizunguka tena gari kwa tochi, nikiimulika rangi kwa pembeni. Kulikuwa na mikwaruzo myembamba ya duara kama utando wa buibui, ile inayoachwa na dodoki lenye mchanga. Kulikuwa na matone ya chumvi na chokaa, kwa sababu kisima cha pale kina maji ya chumvi kama visima vingi vya upande ule wa bahari, na gari lilikuwa likiachwa lijikaushe juani. Nyuma, upande wa mwembe, kulikuwa na vitone vinavyonata na masizi meusi juu yake. Watu huviita utomvu, lakini vingi vinatoka kwa wadudu wafyonzao majani ya mwembe. Wanadondosha maji matamu, ukungu mweusi unaota juu yake. Na kulikuwa na kunguru. Kunguru hawa wa Dar, ambao asili yao ni India na walifikishwa Zanzibar miaka ya 1890, wameacha alama kumi na mbili juu ya paa, nilizihesabu. Kinyesi chao kina asidi, lakini madhara makubwa yanakuja na jua: rangi ikipata joto inalainika na kutanuka, kinyesi kinakauka juu yake kikiwa kigumu, jioni rangi inapopoa na kujikunja inafuata umbo la kile kilichoganda juu yake. Ndiyo maana alama inabaki hata ukishaosha, na ndiyo maana kinyesi cha asubuhi hakisubiri jioni.

Jua lenyewe lilijieleza kwa ramani. Mwembe ulifunika buti na milango ya nyuma. Paa na boneti vilibaki nje ya kivuli kuanzia saa sita mchana, na kwetu hapa jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Nyuso zinazotazama juu ndizo zinazokufa kwanza.

Kazi ilichukua Jumamosi mbili na Jumapili moja. Alama za maji nilizifuta kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kitambaa kikiwa kimelazwa juu yake dakika mbili au tatu, kisha maji mengi. Siki inayeyusha chokaa. Chumvi yenyewe inaondoka kwa maji matupu. Vitone vya mwembe vilitaka spiriti kidogo kwenye pamba, kwa subira, si kwa ukucha. Halafu nikavaa mfuko wa mkate mkononi na kupapasa paa. Jaribuni hili siku moja. Mkono mtupu unasema rangi ni laini, mkono ndani ya plastiki nyembamba unahisi kila punje iliyojichomeka. Paa lilikuwa kama msasa. Nililipitia na udongo maalumu wa kusafishia rangi, ule unaokandwa kama unga wa maandazi, juu ya maji ya sabuni yanayotiririka, nikiukunja upya kila unapochafuka. Kipande kimoja kilianguka chini kwenye mchanga. Nilikitupa, japo kilikuwa kipya, kwa sababu udongo ulioshika mchanga ni msasa mkononi.

Jambo ambalo nimejifunza kwa magari mekundu ya zamani ni kutoanza na kompaundi kali. Rangi iliyokauka hivi inahitaji kwanza mafuta. Nilipaka polishi laini yenye mafuta mengi, isiyo na ukali, nene kabisa, gari likiwa ndani ya kivuli na bati limepoa, nikasugua kwa mkono na fulana ya pamba mpaka ikawa tope jekundu, kisha nikaacha usiku kucha. Asubuhi nilifuta na kurudia. Tabaka lililokufa lililainika na kutoka lenyewe, na lile la chini likanywa mafuta. Fulana saba ziliisha. Mama mdogo alikuwa anazitazama zikining'inia kwenye kamba, nyekundu kama zilizotoka machinjioni, akaniuliza kwa wasiwasi kama bado kuna rangi iliyobaki kwenye gari. Nilimpeleka akaone paa. Aliweka kiganja juu yake, akakigeuza kukiangalia. Hakikuwa na unga. Hakusema neno, akarudi ndani, na baada ya muda akaleta chai.

Baada ya hapo ndipo nilipotumia mashine ya kung'arishia niliyoazima kwa rafiki, ile ambayo kichwa chake kinayumba huku kinazunguka, si ile inayozunguka tu kama drili. Sehemu ya nusu mita kwa nusu mita kila mara, mwendo wa polepole, na mkono ukipima joto: kiganja kikishindwa kutulia juu ya bati, nasimama. Kwenye paa mikwaruzo ya buibui iliondoka karibu yote. Alama za kunguru zilipungua. Nne kati ya zile kumi na mbili bado zinaonekana ukizitafuta. Ningeweza kuzimaliza kwa msasa wa maji wa namba 3000, na mkono uliniwasha kufanya hivyo, lakini sikuwa na kipimo cha unene wa rangi na paa lilishatoa rangi nyingi. Niliziacha.

Mlango wa nyuma wa kushoto niliuharibu. Kuna mkunjo wa bati unaopita katikati ya mlango, mkali kama ukingo wa meza. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi, na mashine inapofika hapo uzito wake wote unaangukia mstari mmoja. Nilijua hilo. Milango mingine mitatu nilikuwa nimebandika tepu ya karatasi juu ya mkunjo, huo wa nne jioni iliingia, tepu ikawa imeisha, nikasema nitapita juu kidogo tu. Kwenye gari lenye klia, kitambaa kikianza kushika rangi unajua umefika mwisho na unasimama. Kwenye gari lisilo na klia kitambaa ni chekundu tangu dakika ya kwanza, hakuna anayekuonya. Nilichoona ni mstari wa kijivu, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Praima. Nilizima mashine na kukaa chini pale pale. Kosa hilo lilinikera kuliko kazi yote iliyobaki, kwa kuwa lilikuwa ni la tepu ya shilingi chache.

Nta ilikuwa kazi nyepesi: mikono miwili ya karnauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Brazil, myembamba, ikisubiriwa ikauke kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Plastiki nyeusi za bampa nilizifunika kwanza, nta ikikaukia humo inaacha ukungu mweupe unaosumbua kutoa.

Ikabaki boneti na madigadi. Hapa kazi ya nyumbani ina mpaka wake, na nausema kwa uzito wote. Rangi ya hadna ikipulizwa hutoa isosayaneti hewani, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na kitambaa cha kufunga usoni hakiizuii hata kidogo. Mpulizaji anahitaji barakoa inayoleta hewa safi kutoka nje na chumba chenye feni za kutoa hewa. Uani penye watoto na kuku si mahali pake. Boneti ilikwenda kwa fundi rangi mwenye chumba.

Lakini ilikwenda baada ya gari kung'arishwa, na mpangilio huo ndio uliookoa kazi. Kama tungeanza na boneti, duka la kuchanganya rangi lingeilinganisha na milango ya waridi, na baada ya kung'arisha tungekuwa na gari jekundu lenye boneti iliyopauka. Nilifungua kifuniko cha tangi la mafuta, chenyewe kimeshang'arishwa, nikakipeleka dukani. Namba ya rangi kwenye kibao kilichomo ndani ya boneti, panapoandikwa C/TR (rangi ya nje na ya ndani), ilikuwa 3E5. Mchanganyaji alianza na namba hiyo, kisha akarekebisha kwa jicho mara mbili, akipaka kwenye kadi na kutoka nje kuitazama juani karibu na kifuniko. Namba inakwambia gari lilizaliwa na rangi gani. Miaka karibu thelathini juani imeongeza yake. Fundi aliomba awekee klia juu "ing'ae zaidi". Nilikataa, nikamwomba apige rangi ya hadna yenye mng'ao wake, mikono mitatu, ili boneti izeeke kwa mwendo mmoja na sehemu nyingine za gari. Gharama ya boneti na madigadi pamoja ilikuwa laki tatu na nusu. Vitu vyangu vyote, polishi, udongo, nta, vitambaa, havikufika laki mbili.

Kabla sijaondoka tulikubaliana mambo machache na mama mdogo. Haliendi tena kwa vijana wa dizeli. Anayeliosha sasa ni mjukuu wake wa darasa la saba, aliyejifunza ndoo mbili kwa siku moja na anazisimamia kuliko mimi. Maji ya mwisho ya kusuuza yanatoka kwenye simtanki la mvua, si kisimani, na gari linafutwa likauke. Kinyesi cha kunguru kinalowekwa kwa kitambaa chenye maji mpaka kilainike, ndipo kinainuliwa, hakisuguliwi. Alitaka kununua turubai la kulifunika. Nilimsihi asifanye hivyo: kwa upepo wa Kigamboni turubai linapigapiga juu ya vumbi siku nzima, linakwangua. Badala yake kijana wa jirani alisimamisha nguzo nne na kuezeka makuti, mbali na mwembe.

Nimelitembelea gari mwezi Juni, miezi kumi baadaye, masika yamepita. Nta inadumu miezi miwili hivi; nilijua imekwisha pale maji yalipoacha kujikusanya kuwa matone na kuanza kulala bapa, wanapaka tena wakiona hivyo. Paa limebaki jekundu. Boneti na milango ukizitazama kwa pamoja saa kumi jioni, jua likiwa limeinama, kuna tofauti ndogo ambayo nadhani naiona kwa sababu naijua. Kwenye mkunjo wa mlango wa nyuma wa kushoto kuna mstari mfupi niliouziba kwa brashi ndogo ya mapambo na rangi iliyobaki kwenye kopo la dukani. Mama mdogo ananionesha kila nikienda. "Hapa ndipo ulipochoka," ananiambia, akiupangusa kwa ncha ya khanga.